Naombeni ushauri: amplifaya na sabufa kwenye IST, nifunge mwenyewe au nimpe fundi?

Kijana wa Nkuhungu:
Wakuu habari za jioni. Nipo Dodoma, natumia IST. Ilikuja na redio yake ya Kijapani, FM inaishia 90, kwa hiyo vituo vingi vya hapa haikuvishika. Nikanunua redio nyingine pamoja na soketi zake za Toyota, nikafunga mwenyewe Jumapili moja bila kukata waya hata mmoja. Hadi leo inapiga vizuri.

Sasa nimepata amplifaya ya chaneli nne na sabufa ya inchi 10. Fundi mmoja wa mjini anataka 120,000, waya juu yake. Nilipomuuliza waya gani, akanionyesha ule wa 2.5 wa kuvutia umeme wa nyumba. Hapo nikasita. Gari hii naenda nayo kazini Mtumba kila siku, na mwisho wa mwezi Morogoro kwa mama, watoto wakiwa ndani. Sitaki kubana hela nije kuunguza gari. Ila kumlipa mtu ambaye kazi yake inanitia wasiwasi nako kunanikwaza. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Zabibu Kavu:
Mkuu kama redio umeiweza, na hii utaiweza. Nunua mita ya kupimia, angalia video mbili tatu, funga. Hiyo laki na ishirini weka mafuta.

Fundi Waya Kizota:
Hii ndiyo kazi yangu, lakini sikujibu ili uje kwangu.

Redio inakula umeme kidogo na inapita kwenye fyuzi za gari lenyewe. Amplifaya inavuta chanya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Waya huo unatoboa bati linalotenganisha injini na miguu yako, unapita chini ya zulia hadi buti. Ukigusa bodi njiani, umeme wote wa betri unamwagika hapo. Kwa hiyo fyuzi inakaa mbele, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Wengi wanaiweka nyuma kwa kuwa ni rahisi kuifikia, au wanasema amplifaya ina fyuzi zake. Zile ni za amplifaya. Shoti ikitokea katikati ya njia, fyuzi ya nyuma haiwezi kukata kitu, maana umeme haujaifikia. Na pale kwenye tundu la bati lazima pawe na mpira, la sivyo mtikisiko wa barabara utakula gamba la waya taratibu.

Boksi la amplifaya yako limeandikwa wati ngapi?

Kijana wa Nkuhungu:
Shikamoo fundi. Limeandikwa 2000. Fyuzi ya ubavuni ni 30.

Fundi Waya Kizota:
Marahaba. Basi sahau 2000. Ampea 30 mara volti 14 ni 420, na hapo ni umeme unaoingia, sauti inayotoka ni pungufu. Waya wa geji 8 wa shaba unakutosha, fyuzi ya mbele 40. Kabla ya kulipa, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, uache. Na huo wa 2.5 mwambie akafungie taa za nyumbani.

Mama Wawili:
Kaka, naomba usome hili. Sisi tulifungiwa na fundi, tukalipa hela yote aliyotaja. Miezi michache baadaye, tumepita Kibaigwa usiku, nikasikia harufu ya plastiki, kisha moshi miguuni kwangu. Mume wangu alisimama, akang'oa waya wa betri kwa mikono, kiganja kikaungua. Zulia liliungua hadi chini ya kiti, na mwanangu alikuwa amelala kiti cha nyuma. Waya ulikuwa umechanika palepale kwenye bati. Hakuna mpira, na fyuzi iko buti. Usidhani ukishamlipa fundi basi uko salama. Simama, angalia kila anachofanya.

Zabibu Kavu:
Dada pole sana. Mkuu, nafuta ushauri wangu wa juu. Sikujua habari ya fyuzi ya mbele, na gari yangu nimeifunga hivyohivyo. Kesho asubuhi naifungua.

Fundi Waya Kizota:
Ifungue leo, au chomoa huo waya kwenye betri kabla hujalala.

Kijana, anza kwa kufungua hasi ya betri. Soketi zozote za njano chini ya usukani au viti ni za eabegi, usizitoboe kwa testa. Waya wa ethi, yaani ule hasi wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi ya gari, uwe mfupi, na pale unapofunga kwangua rangi mpaka bati ling'ae. Waya za sauti pitisha upande mwingine wa gari, mbali na ule wa betri, usije ukasikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Waya wa bluu wa kuwashia amplifaya toa kwenye redio. Ukiunga kwenye umeme wa moja kwa moja, amplifaya haizimi na asubuhi utakuta betri imekufa.

Kijana wa Nkuhungu:
Narudi na majibu wakuu. Waya nimeagiza Kariakoo. Kazi ya mbele, yaani betri, fyuzi na tundu la bati, nilimpa fundi mwingine kwa 40,000, nikasimama naye hadi mpira ukakaa. Za nyuma nimefunga mwenyewe, na ethi nilikwangua mara mbili kwa sababu mara ya kwanza rangi ilibaki. Jana nimekwenda Chamwino na kurudi, muziki unapiga njia nzima. Nilipofika nikafungua boneti, nikashika kishikio cha fyuzi na waya wake. Havikuwa na joto la kushtua. Dada, mume wako anaendeleaje na kiganja?