Naomba ushauri: msimamizi wa tasnifu anageuka mwandishi

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mkatalogi wa maktaba ya chuo. Natumia Koha (programu ya maktaba) na MARC 21 (muundo wa rekodi za katalogi). Sasa nimeongezewa metadata (taarifa za maelezo) za tasnifu kwenye DSpace, programu ya hifadhi ya kidijitali. Nikigeuza rekodi kwa MarcEdit (programu ya kuhariri na kugeuza rekodi za MARC) kwenda Dublin Core (muundo rahisi zaidi wa metadata), uga 100 (mwandishi mkuu) na 700 (majina mengine ya watu) zote zinakuwa dc:creator (mwandishi), hivyo msimamizi anasomeka kama mwandishi mwenza. Hiyo ni kumdhulumu mwanafunzi. Nimeweka $4 ths (msimbo wa msimamizi wa tasnifu) kwenye kila 700 ya msimamizi, lakini XSLT (faili la kanuni za kugeuza rekodi) inaipita tu.

Je, nirekebishe XSLT isome ths na kuipeleka dc.contributor.advisor (uga wa msimamizi kwenye DSpace), au nitoe CSV (faili la jedwali) nitenganishe safuwima kwanza? Na kwa mliotoka ukatalogi mkahamia kazi ya metadata kabisa: nianze kujifunza XSLT, OpenRefine (zana ya kusafisha data) au Python (lugha ya programu)?