Tupeane uzoefu: uliyelazwa, uliyeuguza au uliyesoma hospitali ya kufundishia (watu wa Mtwara na Lindi karibuni)

Mzawa wa Mikindani

Wakuu, salaam. Bi mkubwa kapewa rufaa ya kwenda Upanga, Muhimbili, kwa ajili ya moyo. Bingwa aliyempima hapa Mtwara anasema valvu moja, yaani kilango cha damu ndani ya moyo, imebana, kwa hiyo akaonwe na watu wa JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Bima ipo, nauli ipo. Anayetusumbua ni bi mkubwa mwenyewe. Kuna jirani kamjaza maneno: kule utazungukwa na wanafunzi, kila mmoja akubonyeze kwa zamu yake, halafu waje wengine wakutoe damu ya utafiti. Tangu siku hiyo kagoma. "Mimi si daftari la watoto wa watu kujifunzia kuandika."

Naomba yaliyokupata wewe au mtu uliyemuuguza. Za kusikia ninazo nyingi. Na kama kuna aliyewahi kumkatalia mwanafunzi, aseme iliishaje.

Korosho Ghafi

Mimi walinizunguka hadi dirisha likafunikwa. Mmoja akazimia wakati kidonda kinafunguliwa. Mgonjwa ni mimi, lakini aliyepewa kiti na soda ni yeye.

Mama Sudi wa Masasi

Mwanangu Mzawa, pole na uuguzi. Mimi nilitolewa uvimbe wa kizazi huko huko Dar. Asubuhi wanapita raundi: mkubwa yuko mbele, nyuma yake wanaosomea ubingwa, halafu intani, halafu wanafunzi na vidaftari vyao. Wanasimama miguuni pako, wanasema Kiingereza, wanakwenda kitanda cha pili. Sikufichi, inakera. Unajiona kama gunia linalopimwa mnadani.

Lakini mchana alirudi binti mmoja peke yake. Akanisalimia, shikamoo mama, akaomba kukaa, akaanza kuniuliza mambo tangu nimevunja ungo. Alikaa mpaka chakula kikaletwa. Katika kuuliza uliza akafika kwenye dawa ninazomeza nyumbani, nikamtajia na aspirini, maana kichwa kilikuwa kinanisumbua na duka liko mlangoni. Akaacha kuandika. "Mama, kila siku?" Kila siku. Akatoka mbio. Kumbe aspirini inaifanya damu ichelewe kuganda, na mimi nilikuwa kwenye orodha ya kupasuliwa kesho yake. Upasuaji wangu ukaahirishwa.

Madaktari wakubwa hawakuwa wazembe, nieleweke. Waliniuliza kama kuna dawa natumia, nikasema hapana, kwa sababu aspirini kwangu haikuwa dawa, ilikuwa kitu cha kabatini. Bingwa ana wodi nzima inamsubiri. Mwenye muda wa kukuuliza swali moja kwa njia tano ni huyo mwanafunzi, kwa sababu naye atabanwa na mwalimu wake.

Mtama Kwetu

Tusipambe sana. Mimi jina la hospitali silitaji, ila nilifunuliwa shuka mbele ya kundi bila mtu kuniambia hata "samahani mzee". Pazia lilikuwepo, halikuvutwa. Jamaa wa kitanda cha jirani na wageni wake wote wakaniona. Nikavuta shuka nikasema anayenitibu abaki, wengine watoke. Kimya kidogo, kisha yule mwalimu wao akawaambia tokeni. Wakatoka. Sindano ilikuja saa ileile, dawa zile zile, hakuna aliyeninunia.

Kwa hiyo Mzawa, mwambie bi mkubwa kukataa kupo. Ila aseme mapema, na aseme kwa sauti.

Daktari Mtarajiwa (Tandahimba)

Mzee wangu Mtama Kwetu, shikamoo. Ulichofanyiwa kilikuwa kosa. Tunafundishwa kujitambulisha, kuomba ruhusa na kuvuta pazia kabla ya kugusa shuka, na kwenye mtihani wa vitendo usipofanya hivyo unapoteza alama hata kama ugonjwa umeujua.

Mimi nasoma MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili, niko mwaka wa nne. Nieleze kidogo, maana watu wengi wakiona koti jeupe wanadhani wote ni daktari au wote ni mwanafunzi. Udaktari ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa intani. Miaka ya mwanzo unaimaliza zaidi darasani, maabara na kwenye chumba cha anatomia. Wodi unaizoea kuanzia wa tatu. Intani kamaliza shule, anafanya kazi chini ya uangalizi. Rezidenti ni daktari kamili anayerudi kusomea ubingwa. Juu yao ndiyo bingwa. Mimi wa mwaka wa nne nakuuliza, nakupima, naandika nilichokiona, basi. Dawa siandiki. Nikikosea kusikiliza moyo wa bi mkubwa, kuna masikio mengine matatu juu yangu.

Na pale si hospitali moja. Ndani ya eneo lile kuna Hospitali ya Taifa, MOI ya mifupa na mishipa ya fahamu, JKCI ya moyo iliyoanzishwa 2015, na chuo chetu. Shule ya udaktari ilianza 1963, ikapita mikononi mwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa chuo kikuu kinachojitegemea 2007. Kampasi nyingine iko Mloganzila, njia ya Morogoro. Barua ya rufaa isomeni vizuri, kuna watu wanashuka Upanga kumbe wameandikiwa Mloganzila, na kutoka moja hadi nyingine ni safari.

Kuhusu valvu: nyingi tunazoziona kwa wagonjwa wa hapa nchini chanzo chake ni mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, yakaleta homa iliyokwenda kula valvu taratibu kwa miaka. Zikibana, kuna wanaofaa kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa pajani, bila kupasuliwa kifua. Wengine hawafai, wanabadilishiwa valvu. Bi mkubwa yuko kundi gani, hilo ni la kipimo.

Korosho Ghafi

Kumbe ndiyo maana bibi alikuwa hacheki na mafindofindo.

Nesi wa Lindi

Mimi niko kazini huku huku kusini. Jirani yenu ananichekesha. Bi mkubwa ametibiwa wapi maisha yake yote? Ligula? Ndanda? Sokoine? Kote huko wanafunzi wapo: wauguzi, maafisa tabibu, watu wa maabara. Kama alizalia Ndanda, kuna uwezekano mkubwa mkono wa kwanza kumpokea mwanawe ulikuwa wa mwanafunzi, mkunga amesimama pembeni. Nami nilijifunza kuchoma sindano kwa mtu, si kwa chungwa peke yake. Na Mitengo, hospitali yetu ya rufaa ya kanda pale Mtwara, ikizidi kukua, na tangu izinduliwe 2023 inakua, tuombe wanafunzi waongezeke, maana mabingwa wa kuja kukaa Mtwara watatoka wapi kama hawakuizoea Mtwara wakiwa vijana?

Mstaafu wa Maabara, Newala

Hoja ya damu ya utafiti hamjaigusa. Niiseme mimi.

Mwaka 1952 homa ya ajabu ilipiga Makonde hapa. Watu wakawa hawawezi kunyooka, viungo vinauma kama vimepigwa. Watafiti wakaja, wakachukua damu za wagonjwa na kukamata mbu, na kirusi kikapatikana 1953. Ndicho chikungunya, jina limetoka kwenye lugha yetu, na leo kinatajwa India, Brazili na kila mahali. Dunia nzima ilianza kukijua kwa damu ya watu wa uwanda huu.

Siku hizi utaratibu ni mwingine. Utafiti lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili, ya chuo au ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Unapewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, unasomewa, unauliza. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi. Nakala moja unabaki nayo, na hapo chini kuna namba ya kumpigia mtafiti. Unaweza kujitoa katikati na matibabu yako yakaendelea vilevile. Mtu akija na sindano anasema "ni ya utafiti" na hana fomu, mwite muuguzi. Ila si kila bomba la damu ni utafiti. Mgonjwa wa moyo anayemeza dawa ya kulainisha damu atatolewa damu mara kwa mara, ni kipimo chake mwenyewe, asije akagoma hapo.

Mama Sudi wa Masasi

Hilo la mwisho mzee umesema kweli, mimi kila bomba nilikuwa nanung'unika.

Mzawa wa Mikindani

Asanteni sana, hasa mzee wa Newala. Nimemsomea bi mkubwa yote jioni hii. La Ndanda limemgusa, maana mimi nilizaliwa Ndanda. Akaniangalia akasema "kumbe ndiyo maana ulitoka na kichwa hivyo." Amekubali kwenda. Ila ana sharti: akiguswa na wanafunzi, wawe wa kike. Hilo linaombeka?

Daktari Mtarajiwa (Tandahimba)

Linaombeka kaka. Amwambie muuguzi wa zamu siku ya kwanza, kabla ya raundi, na arudie zamu ikibadilika. Bingwa mwenyewe anaweza kuwa mwanaume, hapo hamtakuwa na la kuchagua, ila muuguzi wa kike anaweza kusimama naye pembeni. Darasani kwetu wasichana wapo wengi tu. Na dawa zote za kabatini mziweke kwenye mfuko mje nazo, pamoja na hizo za dukani na za mizizi.

Mtama Kwetu

Msafiri na basi la alfajiri, na msimpeleke wodini siku hiyohiyo kama miadi inaruhusu. Safari ni zaidi ya kilomita 500, mtu wa moyo anafika miguu imevimba. Kama ni masika, ulizeni kwanza hali ya barabara pale Somanga. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kuna watu walilala njiani na wagonjwa wao.

Mzawa wa Mikindani

Nimepokea. Miadi ni Jumatatu, tutaondoka Ijumaa. Kuna mwenye kujua nyumba ya kulala wageni ya bei nafuu karibu na Upanga? Tuna ndugu Mbagala, lakini na ile foleni sitaki awe anaamka usiku wa manane.