Naomba ushauri: singo yangu ya hip hop niitoe Ijumaa au siku nyingine?

Wakuu, habari zenu. Nina singo imeshakamilika, miksi na masta tayari, ila nimekwama kwenye tarehe. Tangu Julai 2015 nyimbo mpya duniani hutoka Ijumaa, na chati ya Billboard Hot 100 (ile ya nyimbo zinazovuma Marekani) huhesabu wiki kuanzia Ijumaa hadi Alhamisi: usikilizaji mtandaoni, redio na mauzo. Ukitoa Jumatano, ni siku mbili tu zinazoingia kwenye wiki yako ya kwanza. Lakini Ijumaa ndiyo siku wakubwa wote wanashusha ngoma zao, naogopa kumezwa.

La pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Spotify humhesabu msikilizaji akifikisha sekunde 30. Wimbo wangu unaanza na kinanda peke yake kwa sekunde 22, ndipo biti inaingia pamoja na mstari wa kwanza. Prodyuza anaogopa watu wataruka wimbo kabla ya hizo sekunde 30, anataka tukate zibaki sekunde 8. Kile kinanda ndicho kilichonifanya niandike mashairi yale usiku mmoja, bila kufuta neno.

Wenye uzoefu, mngekata? Na baada ya wiki ya kwanza huwa mnausukumaje wimbo usipoe?