Polisi akitaka kiti kwenye bunge la jimbo Marekani, njia yake ikoje?

Mdadisi_Katiba
Wakuu, habari za muda huu. Nafuatilia siasa za majimbo ya Marekani na naona polisi na manaibu sherifu (askari wa kaunti) wakiingia kwenye mabunge ya huko. Afisa anaruhusiwa kugombea akiwa bado kazini? Na akishaingia, upolisi unamsaidia kutunga sheria, au ni sifa ya kwenye mabango tu? Nikisema jimbo nina maana ya Texas au California, siyo jimbo la uchaguzi.

Mizani
Mkuu, kila jimbo lina sheria zake, hivyo azisome kabla hajachukua fomu. Mtego unaosahaulika ni wa sheria ya shirikisho, Hatch Act, inayobana siasa za watumishi wa umma. Tangu ilipolegezwa mwaka 2012, mtumishi wa jimbo au wa mji anayezuiwa kugombea kwenye uchaguzi ambao wagombea husimama kwa tiketi za vyama ni yule ambaye mshahara wake wote, hadi senti ya mwisho, unatoka fedha za shirikisho. Kwa hiyo afisa aliye kwenye nafasi inayolipwa kwa ruzuku ya Washington aulize mhasibu kwanza. California nayo inakataza mtumishi wa serikali za mitaa kufanya siasa akiwa ndani ya sare, kifungu cha 3206, basi kampeni ifanywe kwa nguo za kiraia.

Masharti yenyewe si mazito. Baraza la Wawakilishi la Texas linataka umri wa miaka 21, uraia, miaka 2 ya kuishi Texas, miezi 12 katika eneo la uchaguzi, na ada ya dola 750 kwa kura za mchujo za chama. Kazi ipo kwenye kuishi: mshahara wa mbunge wa Texas ni dola 7,200 kwa mwaka, ukiacha posho za vikao. New Hampshire ni dola 100 kwa mwaka. Kwa mshahara wa namna hiyo, mwenye pensheni ya polisi mkononi anaanza akiwa mbele.

Karani_wa_Faili
Naongezea hapo: faili la nidhamu. New York ilifuta kifungu cha 50-a Juni 2020, kile kilichokuwa kikificha kumbukumbu za nidhamu za polisi. California ilifungua baadhi kuanzia Januari 2019: ufyatuaji risasi, nguvu iliyojeruhi vibaya, na uongo uliothibitishwa, kwa mfano kwenye ripoti. Mgombea aombe nakala yake mwenyewe na aisome ukurasa kwa ukurasa mapema, kwa sababu mpinzani ataiomba.

Kuhusu faida ya upolisi, mtazame Eric Adams kabla hajawa meya wa New York. Alistaafu polisi mwaka 2006 akiwa kapteni, akaingia Seneti ya jimbo Januari 2007. Polisi wa New York walikuwa wakijaza fomu ya UF-250 kila wanapomsimamisha mtu njiani, na jina na anwani vikaingizwa kwenye kompyuta hata kama mtu hakukutwa na kosa. Mwaka 2010 Adams upande wa Seneti na Hakeem Jeffries upande wa Baraza la chini walipitisha muswada wa kuzuia kuhifadhi utambulisho wa watu hao kielektroniki, na gavana akautia saini. Kwangu huo ndio upolisi wenye thamani bungeni: kujua karatasi inapitia wapi, na mwananchi anaumia kwenye hatua ipi.

Mdadisi_Katiba
Shukrani sana. Sasa wanaotaka kuongeza adhabu wanakwama wapi?

Mizani
Kwenye hesabu. Muswada wa kurefusha kifungo maana yake ni vitanda vya gereza, na vitanda ni bajeti. Katika Bunge la chini la California, muswada wenye gharama ya dola 150,000 au zaidi kwa mwaka huwekwa pembeni na kamati ya matumizi, kisha yote huamuliwa kwa mkupuo, bila mjadala wa wazi. Mingi hufia hapo. Mwandishi wake apeleke makadirio ya gharama mapema na awe tayari kupunguza.

Kikwazo kingine ni sheria zilizopitishwa na wapigakura wenyewe. Pendekezo namba 47 la California la mwaka 2014 lilifanya wizi mwingi usiozidi dola 950 uwe kosa dogo, na kuligeuza kwa kawaida kunarudi kwa wapigakura. Jim Cooper, kapteni wa zamani wa ofisi ya sherifu wa Sacramento, alikuwa mbunge akiwa mstari wa mbele kuunga mkono Pendekezo namba 20, lililotaka kukaza tena adhabu. Lilianguka Novemba 2020. Mwaka 2022 akagombea usherifu wa Sacramento, akashinda.

Karani_wa_Faili
Na asome muswada neno kwa neno. Texas, maneno mapya hupigwa mstari chini, yanayofutwa huwekwa kwenye mabano na kukatwa. "Anaweza" ikigeuzwa "lazima", afisa wa doria amenyang'anywa hiari ya kumwachia mtu kwa onyo.