Mjadala: Je, shule zilazimishwe kwa sheria kuwa na mnasihi, au waraka unatosha?

Mleta mada, Chumbageni

Assalaam aleykum, na salamu kwenu nyote.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari hapa Tanga mjini. Katika kikao cha wazazi kilichopita, watu walipokwisha kuanza kutazama saa, mzazi mmoja alisimama akapendekeza tumwombe mbunge wetu apeleke hoja ya sheria itakayoilazimisha kila shule iwe na mnasihi, yaani mtu aliyefunzwa kuwasikiliza wanafunzi wanaoelemewa kiakili. Kikao kiligawanyika papo hapo. Wapo waliosema sheria tulizonazo zimejaa vumbi, na wapo waliosema kwamba bila sheria hakuna atakayetenga fedha. Mwenyekiti aliahirisha hoja, nami nimeona niilete hapa kabla bodi haijakaa tena.

Baada ya kikao niliomba kuonyeshwa mahali ushauri nasaha unapotolewa. Nilipelekwa nyuma ya stoo ya vifaa vya michezo, kwenye chumba chenye meza moja, kiti kimoja na kabati la chuma. Ndani ya kabati mlikuwa na madaftari mawili. La kwanza ni kaunta buku nene lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la mwalimu, sahihi. Limejazwa mpaka wiki ile ile. La pili ni daftari dogo la mazoezi lenye maneno "Ushauri Nasaha" juu ya jalada. Ukurasa wa kwanza una mistari mitatu ya mwaka juzi, na kurasa zilizobaki ni nyeupe.

Walimu wa shule ile si watu wakatili, na sisemi hivyo. Tofauti ya madaftari hayo ilianzia kwenye sheria. Kanuni za adhabu ya viboko, zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002, zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Kwa hiyo kitabu kipo, kwa kuwa kimeagizwa na siku moja kitaombwa. Lile daftari dogo, mwalimu mhusika aliniambia, halijawahi kuombwa na mtu yeyote.

Tunayo Sheria ya Afya ya Akili, Na. 21 ya mwaka 2008, lakini ukiisoma utaona kwamba macho yake yako kwa mtu aliyekwisha kuugua: namna ya kumpokea hospitalini, kumtunza na kuzilinda mali zake. Mwanafunzi wa kidato cha pili asiyelala usiku wala kula mchana, ambaye hajafika hatua ya kuitwa mgonjwa, hana pake humo. Nalo ni jambo la kusikitisha zaidi kwa mkoa kama wetu. Kule Lutindi, milimani upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 makao hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa zaidi ya miaka 100 tumekuwa na pa kumpeleka aliyekwisha kuzidiwa, ilhali hatuna kiti cha kumkalisha anayeanza kuelemewa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba takribani nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na huo ndio umri ambao watoto wetu wengi wanaiacha shule ya msingi na kukutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza.

Rai yangu ni kwamba tudai sheria, lakini sheria inayoagiza vitu vinavyoonekana na kuhesabika. Mnasihi aliyefunzwa na kupunguziwa vipindi darasani. Chumba chenye mlango unaofungika. Nafasi ya mwanafunzi aliyeondoka kwa maradhi ya akili itunzwe mpaka arudi. Sheria ikiishia kutamka "haki ya mwanafunzi ya kupata huduma bora" itakuwa pambo la ukutani. Vilevile haki ya mwanafunzi haitakamilika iwapo Kanuni ya Adhabu, yaani sheria yetu ya jinai, Sura ya 16, katika kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Karibuni tujadili.

Mwalimu, Pongwe

Nimekusoma kwa makini, mleta mada, na nakiri kwamba kabati ulilolieleza linafanana mno na langu. Mimi nafundisha hesabu vipindi 26 kwa wiki, ni mwalimu wa darasa, na mwaka huu nimekabidhiwa malezi na nidhamu pamoja. Maana yake ni kwamba mtoto niliyemwadhibu asubuhi ndiye anayetakiwa aje saa nane mchana anieleze yaliyomo moyoni mwake. Haji, na mimi katika nafasi yake nisingekuja.

Hata hivyo naipinga sheria, na sababu yangu ni hofu ya lawama. Uingereza mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Bristol alijiua mwaka 2018, wazazi wake wakashitaki, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba chuo kilikiuka sheria ya usawa. Chuo kile kilikuwa na wanasheria na bima. Mimi nina nini? Sheria ya namna hiyo ikifika hapa, mwalimu mwenye busara atajifunza kutoona. Atakayegundua kwamba mtoto ana tatizo ndiye atakayeulizwa kesho kwa nini hakuchukua hatua, kwa hiyo bora asigundue. Waraka wa wizara unatosha. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango wa kurudi shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, na haukusubiri Bunge wala mahakama.

Mzazi, Ngamiani

Pole kwa kazi, Mwalimu. Mimi si msomi wa sheria, nitasema nililoliona.

Mwaka jana shuleni kwa binti yangu wasichana walianza kuanguka. Ilikuwa Jumatatu, wiki ya mtihani wa majaribio. Alianguka mmoja mstarini, akafuata wa pili, na hadi saa nne walikuwa sita wamelazwa kwenye mikeka chini ya mwembe, wanapiga kelele na kukaza vidole. Sisi watu wa Tanga mnatujua, jambo hilo lina jina lake kwetu. Aliitwa shehe, kikafanywa kisomo, wasichana wakatulia, wazazi tukaitwa kuwachukua. Silidharau hilo hata kidogo, kwa maana binti yangu alitulia mbele ya macho yangu. Lakini wiki tatu baadaye, tukichambua mchicha, aliniambia kwamba tangu Februari alikuwa akisikia moyo unamwenda mbio kila akiingia chumba cha mtihani, na kwamba hakumwambia mtu kwa kuogopa kuambiwa apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Shehe alifanya kazi yake. Aliyetakiwa kumuuliza mtoto mwezi Februari hakuwapo. Kwa hiyo sheria ije, ila isije ikiwa na ugomvi na shehe wala na padri, kwa sababu huko ndiko mzazi atakakoanzia kwa vyovyote vile.

La pili ni hicho kifungu cha 217. Mtoto wa jirani yangu alijaribu kuutoa uhai wake. Alipofikishwa hospitali, mjomba wake alimwambia muuguzi kwamba mtoto amekosea dawa, nasi sote tuliokuwapo tukaitikia, kwa kuhofia polisi. Alitibiwa tumbo, akarudishwa nyumbani, na hakuna aliyezungumza naye habari ya yale yaliyomfikisha hapo. Uongo ule tuliusema kwa mapenzi, na mpaka leo unanikaa kooni.

Wakili, Raskazone

Mleta mada ametaja haki ya mwanafunzi, na hapo inafaa twende taratibu. Elimu imetajwa katika Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977, lakini ibara hiyo imo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, ambayo masharti yake, kwa mujibu wa Ibara ya 7(2), hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Anayetaka kushitaki atalazimika kupitia usawa, Ibara ya 13, au haki ya kuishi, Ibara ya 14. Na marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yalimtaka aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Sijui ni mwanafunzi gani wa kidato cha tatu angekubali kula kiapo cha namna hiyo huku jina lake limeandikwa juu ya jalada la kesi.

Hata ukishinda, ushindi una safari yake. Katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyohusu umri wa msichana kuolewa, vinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufaa ikathibitisha Oktoba 2019, na muda wa mwaka mmoja uliotolewa wa kuirekebisha sheria ukapita bila marekebisho.

Mlango ambao watu hawautazami ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Inautafsiri ulemavu kuwa ni kupoteza au kupungukiwa na fursa ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Tafsiri hiyo ni pana. Huko Compton, jimbo la California, wanafunzi walifungua kesi mwaka 2015 wakidai kwamba kiwewe kilichotokana na ukatili walioushuhudia kinaweza kuhesabiwa ulemavu, ili shule ziwajibike kuwasaidia. Jaji alikataa kuitupa kesi, ingawa hakusema kwamba kila mwenye kiwewe ni mlemavu.

Kuhusu kifungu cha 217, majirani wametutangulia. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilikitamka kifungu cha 226 cha sheria yao ya jinai, ambacho ni ndugu wa hicho chetu, kuwa kinakiuka Katiba. Ghana ilikwisha kukifuta cha kwao kupitia Bunge mwaka 2023. Hapa kwetu pia naona njia ya Bunge ndiyo salama zaidi.

Na kwa Mwalimu wa Pongwe: kati ya waraka na sheria kuna kitu cha tatu. Waziri anaweza kutunga kanuni chini ya Sheria ya Elimu, Sura ya 353. Kanuni za viboko zilizaliwa kwa njia ya kanuni hivyo hivyo. Waraka huandikwa na kalamu moja na kufutwa na kalamu nyingine. Kanuni hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na inaweza kutajwa mbele ya hakimu.

Mwanafunzi wa chuo, Duga

Naomba wakubwa zangu mniruhusu niongezee kuhusu kurudi masomoni, kwa sababu limenikuta. Niliahirisha mwaka wa pili kwa ushauri wa daktari. Mkopo ulisimama siku hiyo hiyo, chumba cha bweni kikachukuliwa, na nilipotaka kurudi nilidaiwa barua inayothibitisha kwamba nimepona kabisa. Daktari aliniuliza ni nani aliyepona kabisa duniani hapa. Rafiki yangu aliyevunjika mguu katika ajali ya bodaboda alirudi na magongo yake, na hakuna aliyemwomba barua.

Marekani wanafunzi wa Yale walikishitaki chuo chao Novemba 2022 kwa jambo hili hili la kusukumwa nje wanapougua, na Agosti 2023 pande mbili zikapatana: anayepumzika aweze kubaki na bima ya afya, njia ya kurudi ilegezwe, na mwenye maradhi aruhusiwe kusoma kwa mzigo uliopunguzwa. Sisemi tufanane na Yale. Nasema tu kwamba hayo yalikuwa mambo ya utaratibu, na hayakuhitaji kujenga hospitali.

Mleta mada, Chumbageni

Nashukuru kwa michango, na nakiri kwamba Wakili amenigeuza: nitaacha kumwandikia mbunge habari ya sheria mpya ya unasihi, na badala yake bodi iombe kanuni chini ya Sura ya 353. Mbunge tutamwachia kifungu cha 217, na kisa cha mzazi wa Ngamiani, bila majina, ndicho kitakachotangulia katika barua.

Mwalimu, kuhusu Bristol, naomba tuitazame hukumu yenyewe. Chuo hakikuhukumiwa kwa kushindwa kumponya yule binti. Kilionekana na hatia kwa sababu, licha ya kujua kwamba kuzungumza mbele ya watu kulikuwa kunamtesa, kiliendelea kumpima kwa mahojiano ya mdomo bila kumtafutia njia nyingine. Ombi la kutamkwa kwamba chuo kina wajibu wa jumla wa uangalizi halikufua dafu katika mahakama ya kwanza, na Mahakama Kuu haikutaka kulitolea uamuzi. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, ila dawa yake ni kanuni iandike waziwazi mwalimu anatakiwa afanye nini na aishie wapi. Bila mpaka huo ndipo lawama zitakapokuangukia.

Waraka nao, tukubaliane, hautoshi. Kila mwaka huja wageni na mabango na semina ya afya ya akili, wakapiga picha na wanafunzi, kisha ikawa ile ya waja leo waondoka leo. Anayebaki ni wewe na vipindi vyako 26.

Nimelifuta pia pendekezo la daftari lenye majina, ambalo nilikuwa nimelitia katika rasimu yangu ya ombi la bodi bila kufikiri. Kijana wa Duga amenikumbusha, bila kukusudia, jinsi karatasi inavyoweza kumfuata mtu. Daftari liandike idadi ya waliokuja na waliopelekwa mbele, basi.

Limebaki jambo moja ambalo mkuu wa shule aliniuliza jana, nami sikuwa na la kumjibu. Mnasihi ataajiriwa na kupangiwa kazi na mkuu, atakaa chumba cha walimu na wenzake, atakula nao chai. Siku mwanafunzi atakapofunga mlango nyuma yake na kueleza kwamba anayemnyima usingizi ni mmoja wa walimu hao, mnasihi atalipeleka wapi? Kwa mkuu, kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au kwa mtu aliye nje ya elimu kabisa? Rasimu yangu ina nafasi tupu mahali hapo, na ningependa Mwalimu wa Pongwe awe wa kwanza kuijaza.