Tupeane uzoefu: kukaa Uzès wakati wa kiangazi, kusini mwa Ufaransa

Msafiri wa Tanga
Wadau, Ufaransa ikitajwa ni Paris tu. Naomba tuzungumzie Uzès, mji mdogo wa kale mkoani Gard, kaskazini mwa Nîmes. Waliowahi kukaa pale waje waeleze walikaaje.

Naanza. Sisi tulipanga nyumba ndani ya mji mkongwe, na raha yake ilikuwa kutokuwa na ratiba. Asubuhi tunashuka Place aux Herbes, uwanja wenye matao ya mawe pembeni na miti mikubwa ya kivuli katikati. Jumamosi ni gulio kubwa: zeituni, jibini ya mbuzi, aprikoti, vikapu, sabuni. Wahi mapema, baadaye hapapitiki. Jumatano kuna soko dogo la wakulima, nami nalipenda zaidi, kwa kuwa muuzaji ana nafasi ya kukuonjesha na kukueleza zao lake. Ila salimia kwanza, "bonjour madame", ndipo uulize bei. Ukianzia kwenye bei unaonekana huna adabu, kama kwetu tu.

Mama Kisauni
Ahsante kwa mada, ndugu yangu. Mimi mtu wa Mombasa, joto nimelizoea, lakini la kule ni kavu, linakausha midomo. Juni 2019 mkoa huo ulipimwa nyuzi 45.9! Kwa hiyo mchana tulifanya kama wenyeji: madirisha ya mbao yanafungwa, watu wanalala. Maduka mengi nayo hufunga saa za chakula.

Mji unaamka tena jioni. Waislamu wenzangu mjue kwamba Julai Magharibi huingia baada ya saa tatu usiku, basi jioni ni ndefu ajabu. Watoto wangu walicheza uwanjani mpaka wakachoka wenyewe, sisi wazazi tumekaa kwenye matao na vinywaji baridi. Msiache kuutazama mnara wa Fenestrelle saa hizo. Ni wa duara, wa karne ya 12, umezungukwa na madirisha toka chini hadi juu. Kanisa lake la zamani lilibomolewa kwenye vita vya dini, mnara ukabaki.

Fundi Maji, Bukavu
Mmesahau maji! Bondeni, chini ya mji, kuna chemchemi ya Eure, unafika kwa miguu, pana kivuli na majani ya kukalia. Warumi waliyachukua maji ya hapo wakayapeleka Nîmes kwa mfereji wa kilomita 50 hivi, na kutoka mwanzo hadi mwisho mteremko wote ni kama mita 12 tu. Mimi kazi yangu ni mabomba, najua ugumu wa kupata mteremko mdogo namna hiyo bila maji kutuama. Nawaheshimu sana watu wale.

Mfereji huo ndio unaovuka mto Gardon juu ya daraja la Pont du Gard, matao ya ngazi tatu, kimo karibu mita 49. Kiangazi watu huogelea mtoni hapo. Vaeni viatu vya maji, kokoto zinaumiza.

Binti Ilala
Usafiri je? Sina leseni ya gari.

Msafiri wa Tanga
Dada, Uzès haina treni ya abiria. Shuka Nîmes au Avignon, kisha panda basi. Jumapili mabasi ni machache, usipange kufika siku hiyo.