Naombeni ushauri wakuu: nauza mikoba ya ukili mtandaoni peke yangu, zana gani za websaiti zitanipunguzia kazi?

Binti_Raskazone

Habari za saa hizi wakuu. Mi niko Tanga, nauza mikoba, vikapu, makawa na mikeka ya ukili, mingine nasuka mwenyewe na mingine nachukua kwa kina mama wa Pangani. Biashara yote iko Instagram na WhatsApp, sina duka wala msaidizi, mpiga picha ni mimi, anayejibu meseji ni mimi, anayefunga mzigo na kuukimbiza stendi ni mimi. Wateja nashukuru Mungu wapo, wengi wa Dar na Arusha, na siku hizi Nairobi nao wameanza kuulizia.

Sasa kazi imenizidi. Meseji zinazama, mtu kalipia mkoba usiku asubuhi inabidi nipekue chati zote nijue ni nani na alitaka rangi gani, huku mwingine anang'ang'ania bei ya kitu kilishauzwa zamani. Kuna fundi kaniambia dawa yake ni websaiti kamili yenye sehemu ya kulipia humo humo, anataka milioni 1.2 kutengeneza na laki 3 kila mwaka. Hiyo hela kwangu ni mtaji mzima. Naomba mnaoendesha biashara wenyewe bila wafanyakazi mniambie mnatumia nini, vya bure na vya kulipia, na je hiyo websaiti naihitaji saa hizi kweli? Simu ninayo nzuri, kompyuta naazima kwa mdogo wangu.

Daftari_la_Oda

Dada hongera kwanza, na pole. Mi nauza viatu vya watoto Morogoro, peke yangu kama wewe. Websaiti haitakutafutia ile meseji iliyozama. Websaiti inaonyesha bidhaa, ila wewe ulipobanwa ni kati ya mteja kusema nataka na mzigo kupanda basi, anzia hapo.

Kama bado uko WhatsApp ya kawaida hamia WhatsApp Business leo leo, ni bure na namba inabaki ile ile. Ina katalogi inayobeba hadi bidhaa 500, unaweka picha, bei na vipimo, mtu akiuliza una nini unamtumia linki moja basi, na kilichouzwa unakificha. Ina lebo za rangi, kila chati unaipa lebo yake, oda mpya, hajalipa, amelipa, imetumwa, kwa hiyo asubuhi unafungua lebo ya amelipa unawaona wote wa kufungiwa mzigo. Halafu kuna majibu ya haraka, unaandika mara moja maelezo marefu ya nauli za mikoani, namba ya kulipia na siku za kusuka, baadae ukipiga ile alama ya mkwaju (/) na neno fupi linajitokeza lote.

La pili ni Google Sheets, jedwali la mtandaoni la Google, na hapa nakusihi usipapite haraka maana ndo moyo wa biashara yangu. Yangu ina safu za tarehe, jina, namba ya simu, kitu, rangi na kipimo, bei, kalipa ngapi, basi gani na namba ya gari, kapokea au bado. Ile safu ya mwisho nimeiwekea rangi, ikisomeka "bado" mstari mzima unakuwa mwekundu, nikifungua tu macho yanaenda kwenye mizigo iliyo njiani. Jaza mstari pale pale hela inapoingia hata kama uko sokoni, usisubiri usiku. Weka faili lipatikane hata bila bando, ipo kwenye menyu ya apu yenyewe. Ukishajaza miezi michache utaona mwenyewe mkoba gani unatoka sana na nani anarudi rudi, hao ndo wa kutumiwa picha za mzigo mpya kwanza. Ila ile orodha ya matangazo ya WhatsApp, ya kutuma meseji moja kwa wengi kwa mpigo, inamfikia tu mtu aliyesave namba yako, kwa hiyo ukimaliza kumuuzia mteja muombe asave.

Oda za kusukiwa maalum tengenezea Google Forms, fomu ya mtandaoni anayojaza mteja, kipimo, rangi, mpini wa ngozi au wa ukili, inahitajika lini, na majibu unayaunganisha yaingie Sheets yenyewe. Hapo hujatoa hata shilingi.

fundi_wavuti_AR

Kazi yangu ni kutengeneza hizo websaiti na bado namuunga mkono jamaa hapo juu, anza na oda. Ila nisingependa uzi huu umalizike watu wakidhani websaiti haina maana, kwa sababu akaunti ya Instagram ni ya wenye Instagram, ikifungiwa kesho asubuhi wateja wako wote wamebaki huko ndani. Domeni, yaani jina la anwani ya websaiti yako, ni yako ilimradi unailipia kila mwaka.

Kwa hiyo ushauri wangu nunua domeni sasa, .co.tz au .com, kwa msajili aliyeidhinishwa, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo milioni, na kwa kuanzia ielekeze kwenye ukurasa mmoja tu wenye picha chache, bei, na kitufe cha kufungua chati yako kwa linki ya wa.me. Hiyo sehemu ya kulipia subiri. Siku ukiifikia, WordPress ni programu ya bure ya kutengenezea websaiti na plagini yake (kiongezeo) ya duka, WooCommerce, nayo bure, unacholipia ni domeni na hostingi, yaani nafasi websaiti inapokaa mtandaoni. Shopify, huduma ya kufungua duka la mtandaoni, ni rahisi zaidi kutumia lakini inalipiwa kwa dola kila mwezi, na huduma yao wenyewe ya malipo haipo Tanzania, kwa hiyo itabidi uunganishe kampuni nyingine ya malipo juu yake na kila mmoja anakata chake.

Huyo fundi wako muulize haya kabla hujampa hata mia. Domeni itasajiliwa kwa jina na imeili ya nani? Paswedi za hostingi na za WordPress nakabidhiwa? Laki 3 ya kila mwaka inalipia nini na nini? Akikutajia kwamba humo kuna hela ya kufuli, lile la usalama linaloonekana kwenye anwani, ujue Let's Encrypt wanatoa cheti hicho bure na hostingi nyingi zinakiweka zenyewe. Nimeshakutana na wafanyabiashara kadhaa ambao domeni iko kwa jina la fundi, wamegombana, jina la biashara limebaki kwa fundi na mwenye biashara anaanza upya. Inauma kuona mtu kajenga jina kwa jasho halafu linakwenda hivyo.

Kingine ambacho watu hawakiangalii ni uzito wa picha. Picha ya simu za sasa ni MB 3 mpaka 5. Ukipakia mikoba 20 kwa MB 4 kila mmoja ukurasa wako una MB 80, mteja mwenye bando la siku atafunga kabla hajaona hata mpini. Ingia squoosh.app, inafanya kazi ndani ya brauza na picha haitoki kwenye kifaa chako, punguza upana uwe pikseli 1200, chagua WebP, aina ya faili la picha lisilo zito, buruta kile kitelezi cha ubora huku unaangalia pande mbili za picha, kabla na baada. Kwa ukili angalia pale misuko inapopishana, ikianza kufifia rudi nyuma kidogo. Kwa kawaida utapata picha chini ya KB 200 na mteja haoni tofauti. Kisha peleka anwani yako PageSpeed Insights ya Google, inakupa alama za kasi ya ukurasa hadi 100, we soma ile ya simu, ya kompyuta iache maana wateja wako hawako huko.

Mama_Zuu

Mi naongezea kidogo tu shoga. Kwa matangazo tumia Canva ya bure inatosha kabisa, ila kule kutoa mandhari ya nyuma kwenye picha ni ya kulipia, dawa yake piga picha mkoba ukiwa juu ya shuka jeupe karibu na dirisha mchana. Na posti zipange za wiki nzima siku moja kupitia Meta Business Suite, ni bure, Insta na Facebook zinajiposti zenyewe we unasuka zako. Zile huduma za kukusanya linki nyingi usilipie, Instagram tangu 2023 inakuruhusu kuweka hadi linki 5 kwenye wasifu wako.

Wa_Kayole

Dadangu salamu kutoka Nairobi. Wateja wa huku wanapenda kununua kwako lakini wanaogopa mambo mawili, bei ya shilingi ya Tanzania inawachanganya na hawajui watalipaje. Kwa hiyo kwenye katalogi andika kwa maelezo bei ya Kenya pia, na uwaambie wazi kwamba M-Pesa ya Safaricom inatuma moja kwa moja kwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania, hiyo kitu ipo tangu 2015 na bado kuna wengi hawaijui. Weka hatua zake kama jibu la haraka, sema pia ada ya kutuma ni ya nani ndio msikosane baadaye. Mimi nikiona muuzaji ameeleza hivyo bila mimi kuuliza ninaagiza hapo hapo.

Mtanga_wa_Muscat

Assalaam alaykum mwanangu. Mimi ni mteja tu sijui mambo ya plagini, lakini nanunua sana mtandaoni vitu vya nyumbani kuwapelekea watu. Kinachonifukuza ni "bei njoo inbox". Mimi nina kazi, nikiona kawa zuri nataka nijue hapo hapo ni shilingi ngapi, upana wake unafunika sinia gani, na kama rangi inatoka likilowa maji. Ukiniandikia hayo chini ya picha nalipa bila hata kukusumbua. Na piga picha moja limeshikwa na mkono, nijue ukubwa, maana makawa mengine kwenye picha ni makubwa yakija unafunikia kikombe. Una kawa la zambarau na kijani la sinia ya watu wanne?

Binti_Raskazone

Wa alaykum salaam mama, lipo, la zambarau na kijani, upana sentimita 60, nakutumia picha nimelishika. Rangi haitoki ukilifuta kwa kitambaa chenye maji, ila usiliroweke.

Wengine wote Mungu awabariki kwa kweli, nimeshahamia WhatsApp Business na Sheets nimefungua, nimenakili safu za Daftari kama zilivyo. Fundi nimemwandikia yale maswali bado hajajibu. Nina mawili yamebaki. Kuna wateja wananitumia skrinshoti ya malipo na hela siioni, namjibuje mtu bila kumvunjia heshima? Na Google Maps, kuna aliyeniambia nijisajili huko, inawezekana nikiwa nafanyia nyumbani?

Daftari_la_Oda

Skrinshoti siyo malipo, hata meseji inayoingia kwenye simu yako inaweza kughushiwa, angalia jina la aliyetuma kisha fungua menyu au apu ya mtandao wako uone salio. Chukua Lipa Namba ya biashara, hela ya mauzo isichanganyike na ya matumizi ya nyumbani, na mteja anaona jina la biashara anapolipa kwa hiyo anajiamini. Jibu langu la haraka linasema hivi: "Asante sana, nikishaiona kwenye akaunti nakuthibitishia na kukupa namba ya gari." Natumia hilo hilo kwa kila mtu, aliyelipa na asiyelipa, hakuna anayeona kashukiwa.

Google ni hivi. Wanaruhusu wasifu wa biashara kwa anayekutana na wateja uso kwa uso, kama yote ni mtandaoni tu hawakubali. Kama kuna watu wa Tanga wanakuja kuchukua mizigo kwako au unawapelekea, jisajili, ni bure, anwani ya nyumbani unaificha na unataja eneo unalohudumia. Wanaweza kukutaka urekodi video kuthibitisha, waonyeshe unaposukia, bidhaa zako na vifaa vya kazi. Halafu waombe wateja wako wa pale mjini waandike maoni, mgeni anayetafuta mikoba ya ukili Tanga akiyasoma anakuja.

fundi_wavuti_AR

Kabla hujaendelea fanya la usalama, kwa sababu sasa biashara yako yote itakuwa kwenye namba moja ya simu na akaunti moja ya Google. Ingia mipangilio ya WhatsApp uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN na imeili. Kwenye Google washa pia, na zile namba za akiba wanazokupa ziandike kwenye karatasi uweke ndani, simu ikipotea ndo zitakurudisha. Paswedi tumia Bitwarden, apu ya kuzitunzia, ya bure inatosha, kila sehemu paswedi yake. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na bekapu ya WhatsApp kwenye Android siku hizi inakula humo humo, kwa hiyo picha za zamani za bidhaa zihamishie kwenye kompyuta ya mdogo wako isije ikajaa ukaacha kupokea imeili. Na mtu yeyote akikupigia akajitambulisha ni wa WhatsApp, wa benki au wa mtandao wa simu, akakuomba usome namba 6 zilizoingia kwenye meseji, kata simu.